Titi la Kukhu Nanjala

Jumanne, 9 Juni 2009. Kitale.
Nabandika namba kwenye vichupa tangu asubuhi. Mvua. Utafiti wetu ni wa saratani ya titi na zile RNA ndefu, nakala za jeni, zisizotengeneza protini. Zamani ziliitwa takataka. Sasa daktari wetu anasema baadhi huamuru jeni zipi ziamke na zipi zilale, na zikizidi, huenda saratani ikasambaa. Mimi karani tu, lakini makala nazisoma. Naipenda kazi hii. Naogopa kuiharibu. Kesho Bungoma, kuomba ridhaa ya mgonjwa wa kwanza.

Jumatano, 10 Juni. Bungoma.
Kukhu Nanjala, ajuza wa Bumula; kukhu kwao ni nyanya. Kesho anakatwa titi la kushoto. Sisi twaomba kipande kama punje ya mahindi. Nilimweleza zile RNA, jasho likinitoka. Akacheka.
"Si ata kwa matanga kuna mtu hapiki, habebi maji, anaamuru tu? Huyo ndio munatafuta."
Ndiye huyo. Akakubali.
Kisha akaja mwanawe mkubwa, Wekesa, na shuka jipya la kufungia titi. Kwao kiungo kilichokatwa huzikwa nyumbani. Akauliza kama kipande kitarudi. Kusema ndiyo kungekuwa rahisi. Nikasema hapana, kitasagwa kiishe. Akakunja uso. Mama yake hazikwi nusu nusu, alisema. Kukhu akaiweka fomu kando. Daktari kwa simu: wasipopatana, tusichukue. Sikula.

Alhamisi, 11 Juni. Bungoma.
Tulikaa ukumbini nje ya chumba cha upasuaji, mtungi wa nitrojeni kati ya miguu yangu. RNA huharibika upesi. Kipande kisipogandishwa mara moja, hakifai. Wekesa mbele yangu, shuka mapajani. Nilitamani kutoroka.
Wakamleta Kukhu kwa kitanda cha magurudumu. Akamsimamisha muuguzi, akamgeukia mwanawe.
"Titi hii imenyonyesha watoto munane. Nani alirudisha kitu? Na wewe ndio ulikuwa unauma. Wacha huyu naye achukue kidogo."
Muuguzi akaangua kicheko. Wekesa akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Naye alikuwa akicheka. Kukhu akatia kidole gumba kwenye fomu.
Kilipotolewa tu, kipande kikazama kwenye mtungi, moshi mweupe ukatoka. Sehemu iliyobaki ya titi hilo, maabara ikishaikagua, itarudi Bumula ndani ya shuka. Nilipiga mluzi hadi Kitale. Kwa furaha, nadhani.

Jumapili, 14 Juni. Kitale.
Kipande kiko kwenye friza. Kitasema nini, hatujui. Labda baada ya miaka, labda kisiseme lolote. Wekesa amenipigia simu baada ya kanisa. Mama ameketi, anakunywa uji, anagombana na wauguzi. Hakuwa na jambo jingine. Tukazungumzia palizi. Nimefua mashati mawili, nimeyaanika. Jua la alasiri liko juu ya Mlima Elgon. Leo siogopi kitu.