Mvumo Kwenye Daki ya Salumu

Jumatatu, 14 Julai

Nimefagia uani, nimempa mama mkwe uji, nimekaa. Ndiyo kazi ya eda, kukaa. Kijiji chetu kizima cha Zinga kinapita barabarani kwenda Dar na kurudi, mimi nakisikia tu nyuma ya ukuta.

Leo nimefungua boksi la Salumu. Lilifika kutoka Kariakoo siku chache baada ya kumzika yeye, mume wangu, mtu wa bodaboda akasimama mlangoni akiuliza mwenye mzigo yuko wapi. Nilitia saini, nikalisukuma chini ya kitanda.

Ndani kuna kibao kitupu cha saketi na vifuko vya vipande vidogo vidogo. Kapasita, rezista, soketi, na chipu moja imelazwa kwenye sponji kama yai. Salumu aliiita daki. Unaijenga mwenyewe. Kompyuta inaipa namba, yenyewe inazigeuza kuwa sauti, sauti inakwenda kwenye amplifaya. Laptopu yake ilishakufa upande wa sauti, ndiyo maana akaagiza. Kasida zote alizojirekodi kwa ajili ya maulidi zimo humo, bubu.

Nitaijenga. Nilimshikia waya miaka yote ya ndoa, na mkono wangu ulitulia kuliko wake, mwenyewe alikiri. Wanja hapana, manukato hapana, kutoka hapana. Risasi ya kuchomelea hakuna shehe aliyeitaja.

Jumatano, 16 Julai

Nimechomelea rezista zote. Mkono umekumbuka wenyewe.

Bi Kidawa, mama yake Salumu, amelalamika kuhusu moshi. Macho yake yamekwisha ila pua imebaki kali. Nilipomwambia ni kitu cha mwanawe akaomba akishike. Akakipapasa kibao chote kwa ncha ya kidole, polepole, akisema maneno kwa Kikwere cha kwao Fukayosi. Sikuelewa na sikuuliza.

Tunaishi wawili humu. Rukia wangu yuko chuo, Morogoro. Kusema kweli mimi na Bi Kidawa hatujawahi kupendana. Salumu alikuwa katikati, kila mmoja akimvuta upande wake. Sasa katikati hakuna kitu, tunatazamana.

Kapasita moja niliiweka kinyume, hasi kwenye chanya. Nimeiona kabla ya kuwasha umeme. Ingenipasukia usoni. Salumu angenicheka mpaka mwezi uandame.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeunganisha. Laptopu, daki, amplifaya, na ile spika yake kubwa ya harusi, hapo sebuleni. Saa nane mchana, jua kali, watu wanapita nje. Naandika hivi ili nikumbuke kwamba nilikuwa macho na akili zangu.

Kwanza ukaja mvumo. Mzito, wa kuingia mpaka kwenye meno. Nikabonyeza kasida ya kwanza. Salumu akaimba. Mvumo chini, yeye juu yake. Nililia bila kujificha. Bi Kidawa barazani akalia pia.

Kasida ikaisha. Ukabaki mvumo peke yake. Na ndani ya mvumo Salumu akaita: Mama.

Hakuwa anaimba. Alikuwa anaita, kwa ile sauti yake ya kutaka taulo akiwa bafuni.

Mimi nikasema abee. Ulimi uliruka wenyewe. Na barazani, wakati uleule, Bi Kidawa akasema ee, mwanangu.

Nikazima.

Jumapili, 20 Julai

Bi Kidawa hakunisemesha mpaka chakula cha mchana. Kisha tukagombana. Anasema kaitwa yeye. Mama wa Salumu ni nani mwingine? Nami nasema tangu Rukia azaliwe Salumu hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Mama Rukia, asubuhi mpaka kulala. Mvumo umeimeza Rukia, imebaki Mama, basi. Tumerushiana maneno kama wake wenza. Astaghafirullah. Mtu yuko kaburini, sisi tunagombania wito wake.

Kilichonitia baridi si ugomvi. Ni kwamba tuliitika. Mtoto yeyote wa pwani anafundishwa hili kabla ya kujua kufunga kanga. Ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Ngoja. Mtu atakuita mara ya pili, atakuita mara ya tatu, na ya tatu ndiyo unaitikia. Kisicho mtu huchoka kabla ya hapo. Ukikiitikia mapema, umekifungulia mlango. Mama yangu alinifinya kwa ajili hiyo mpaka nikashika. Na jana nimeitika haraka kama niliyekuwa nasubiri.

Nilikuwa nasubiri.

Bi Kidawa hajali. Anasema ya kwanza imeshapita, zimebaki mbili. Akifikisha ya tatu basi ni mwanawe.

Jumanne, 22 Julai

Nimeihamishia kasida ileile kwenye simu, nikaweka vidude vya masikioni. Nimesikiliza mpaka mwisho, pamoja na ule ukimya wa mwisho. Kuna jogoo. Kuna Salumu anakohoa. Inakatika. Nimerudia, na nikarudia tena. Hakuna aliyeita mtu.

Kwa hiyo wito haumo kwenye kasida. Umo kwenye daki. Na daki nimeijenga mimi, kiungo kwa kiungo, najua kila kilichomo.

Alasiri amekuja shemeji Hamisi, mdogo wake Salumu, ametoka shambani kwake Makurunge na mfuko wa mihogo. Akakaa barazani, nikamwashia. Akasikia mvumo tu. Akacheka. Nyumba haina ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, anasema, na mitambo isiyo na ethi hunasa chochote kinachopita, redio, simu, maikrofoni ya msikitini. Nipigilie chuma ardhini, nikiunge kwa waya kwenye bati la amplifaya, mvumo utakata na hayo mengine yatakata nao. Chuma anacho, atakileta.

Nilimwambia asijisumbue, hakuna haraka. Kwa nini nilimdanganya? Sikutaka ile sauti ikate.

Ijumaa, 25 Julai

Ameita tena. Ilikuwa baada ya sala, wanaume wakirudi msikitini, vicheko barabarani. Mama. Safari hii karibu zaidi, kama aliyetoka uani akafika ukumbini.

Mimi niliuma ulimi. Bi Kidawa akaitikia, akamwuliza kama amekula.

Nywele zilinisimama, na si kwa kuitwa. Alipouliza vile, mvumo ulishuka. Ulishuka kama mtu anavyopunguza redio ili asikie anachoambiwa.

Jumatatu, 28 Julai

Bi Kidawa hatoki mbele ya spika. Kahamishia mkeka wake hapo. Nikitaka kuzima anaushika waya. Uji hanywi, mkate hataki, anasema akitafuna hatasikia. Maji kidogo, na mpaka nimsihi.

Jirani kamwita muuguzi wa zahanati. Kampima, kasema presha imeshuka, mwili umekauka, apelekwe akatundikiwe dripu leo hii. Bi Kidawa alikataa kuinuka. "Akiita ya tatu nisiwepo?"

Muuguzi akanitazama mimi, akidhani nitamkemea. Sikumkemea. Nami nilikuwa naingoja ya tatu. Alipoondoka tulikaa wawili tukiitazama spika, yeye kwa masikio, mimi kwa macho, mihogo ikapoa kwenye sufuria.

Jumanne, 29 Julai

Umeme ulikatika mchana. Feni ikasimama, friji ikanyamaza. Mvumo niliendelea kuusikia. Sijui kama masikio yamezoea au haukukata kweli. Sikuthubutu kwenda kuweka mkono kwenye spika.

Bi Kidawa anatabasamu tangu asubuhi. Anasema mwanawe yuko mlangoni, anavua viatu.

Jumatano, 30 Julai

Bi Kidawa amekataa hata kulowanishwa midomo. Nimemgusa mguu, wa baridi, na leo ni joto.

Nimekaa nikamtazama. Nikaona kitu ambacho nilipaswa kukiona tangu Ijumaa. Salumu haji huku. Bi Kidawa ndiye anayekwenda huko, na mimi ndiye niliyemjengea njia, kwa risasi na kapasita, kwa sababu nilitaka kusikia mume wangu akiniita nimpe taulo.

Na nikikata, sitamsikia tena. Simu ina kasida zake, hilo najua. Kasida anamwimbia Mtume na watu wote. Mimi nilitaka aniite mimi.

Nimempigia Hamisi alete chuma.

Alhamisi, 31 Julai

Hamisi alitaka kupigilia yeye. Nikamwambia kaa na mama yako. Niliyeijenga ni mimi.

Nimechimba uani, chini ya dirisha la sebule. Nikatia mkaa, nikatia chumvi, kama mafundi wa umeme wafanyavyo, nikasimamisha chuma, nikakigonga mpaka kikabaki kichwa tu. Nikarudishia udongo. Nikaleta maji, maana Salumu alikuwa akisema ardhi kavu haishiki umeme, imwagie.

Nilipoinamisha ndoo ndipo nikaona ninachofanya. Kifusi kirefu, kimevimba, kinalowa kuanzia kichwani. Siku ile wanaume walimbeba, sisi wanawake tukabaki ndani na vilio vyetu. Kaburi la Salumu sijaliona mpaka leo, udongo wake sijaumwagia hata tone. Nimeumwagia hapa. Nilimaliza ndoo nzima, nikaenda kuleta nyingine ambayo haikuhitajika.

Bi Kidawa alijua. Kwa harufu ya udongo mbichi, nadhani. Akaanza kulia ndani, nisikate, nisikate. Nikapitisha waya dirishani. Nikaukaza kwenye bati la amplifaya.

Mvumo ukakata.

Nikabonyeza kasida. Ikatoka safi, kila herufi, mpaka pale anapomeza mate. Daki nzuri. Salumu angeringa nayo mtaa mzima. Jogoo akawika, Salumu akakohoa, ikaisha. Hakuna mvumo, na ndani yake hakuna mtu.

Bi Kidawa akanigeuzia uso. "Umemzika mara ya pili, Mama Rukia."

Nikamwambia ndiyo, mama. Hamisi akambeba kumpeleka zahanati na hakupinga, hakuwa tena na cha kungoja. Mimi nilibaki ndani na eda yangu, nikakunja mkeka wake.

Jumapili, 10 Agosti

Bi Kidawa amerudi tangu wiki iliyopita. Anakula. Uji wa asubuhi anamaliza, jioni anadai samaki. Kunisemesha hanisemeshi, isipokuwa akitaka kitu.

Na akitaka kitu ananiita mara tatu. Mama Rukia, Mama Rukia, Mama Rukia, mfululizo, haraka haraka. Nilidhani kejeli. Nikavimba mashavu siku mbili hizi, nikimpa maji natua kikombe kwa nguvu.

Leo nimeelewa. Haoni, na anajua mimi nashtuka nikiitwa kutoka chumba kingine. Anataka nijue kwamba ni yeye, ni mtu. Alasiri nilipomwita kwa chai nami nikamwita mara tatu. Akacheka kidogo puani. Kicheko cha Salumu kabisa, sikuwahi kugundua alikitoa wapi.

Jumamosi, 23 Agosti

Eda imekwisha jana. Nimeoga, nimebadili nguo, wanawake wamekuja na dua na wali, wamekula, wamenililia kidogo, wameondoka. Bi Kidawa mwenyewe alinifukiza udi. Daki iko kwenye boksi lake, chini ya kitanda. Spika na amplifaya kachukua Hamisi kwa ajili ya maulidi. Sebule imekuwa kubwa. Kile chuma uani kimebaki, na udongo wake umekauka.

Umeme hakuna tangu alfajiri.

Tulikuwa tunakunywa uji ukumbini, yeye kwenye mkeka, mimi kwenye kigoda. Nilikuwa nafikiria niende sokoni, kwa miguu yangu, ninunue limau. Na uani, pale penye chuma, nikaitwa.

Mama Rukia.

Jina zima, halikumezwa. Sauti ileile ya taulo. Ilikuwa ya tatu.

Kijiko changu kilisimama. Cha Bi Kidawa nacho kilisimama, kwa hiyo alisikia. Ya tatu huitikiwa, ndivyo tulivyofunzwa, na Mungu ananijua, abee ilishanifika kwenye meno. Yeye ndiye aliyeingoja hii mpaka akakaribia kufa. Nilidhani atainuka.

Alipapasa mkeka mpaka akaupata mkono wangu. Akaukamata kwa nguvu nisizojua kama anazo.

"Ni wewe unayeitwa," akasema. "Usiitike."

Machozi yalikuwa yanamtoka na uso haukubadilika. Nikaubana mkono wake. Tukangoja. Malori yakapita kwenda Dar, mtu akauza maandazi nje, mwenye maandazi akaenda zake. Uani kukawa kimya.

Baadaye akaniachia mkono. Akasema uji hauna sukari. Nikamwongezea.