Kurasa Alizoziruka Mama

Nyumba ya ngazi ya kijani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na mgongo wako je, umepona, au bado unajifanya kijana na kubeba mizigo ya watu? Sisi tupo, tunaendelea.

Habari za Mama sitakuficha. Alipotoka hospitali alikuwa hali chakula. Vijiko viwili, kisha anasukuma sahani: "Nimeshiba." Daktari alitupa mwezi mmoja; kilo zisipopanda, anarudi kulazwa. Mama ameapa harudi kule akiwa hai. Nami nimeapa haendi popote. Basi tutaona nani mbishi zaidi.

Sasa sikia. Unakikumbuka kile kitabu cha watoto wawili na punda mvivu, alichokuwa akitusomea kabla hatujaanza shule? Tulipojua kusoma akakifungia kabatini, eti panya watakitafuna. Siku kumi zilizopita, nikitafuta shuka, nikakikuta, kizima kabisa. Nikaketi sakafuni nikakisoma. Kaka, wale watoto wanakula! Kila baada ya kurasa mbili tatu wanakula: mkate wa tangawizi, biskuti za asali, keki ya machungwa. Sisi hatukuwahi kusikia hata chembe. Wewe mwenyewe ulimuuliza siku moja, kwani hawa hawaoni njaa? Akakujibu wameshiba.

Nilimfuata chumbani, kitabu mkononi. Alipokiona tu akageukia ukutani. Akasema, "Ningewasomea keki, halafu ningewapa nini?"

Nililia, sikufichi. Kisha nikajifunga kibwebwe nikawasha mkaa.

Mimi fundi cherehani, mimi na keki wapi na wapi! Jiko la kuokea sina. Nilitia mchanga kwenye sufuria kubwa, nikaweka chombo ndani, makaa juu ya mfuniko. Na kitabu chenyewe hakitoi vipimo, kinasema tu mkate ulinukia mpaka punda akaamka. Wa kwanza ulitoka mweusi, ungeweza kuzibia ukuta. Wa pili ukawa mbichi katikati. Mume wangu akauliza, kwa upole, kama hatuwezi kununua. Nilimtazama tu, akaondoka kwenda kuleta mkaa mwingine.

Wa tatu ulinukia. Nikaketi kitandani kwa Mama, nikaanza kusoma tangu mwanzo. Tulipofika pale alipozoea kuruka, akasema, "Hapo pita." Sikupita ng'o. Nilisoma kila neno, halafu nikamkatia kipande. Alikishika kwa muda mrefu. Akala chote, Kaka, na makombo akayaokota kwa kidole.

Tangu siku hiyo sheria ni moja: watoto wakila, na yeye anakula. Biskuti za asali zilikataa katakata kukauka, akazila kwa kijiko huku akinicheka. Uji na supu navyo sasa vinapita. Jana tulimpima: amepanda kilo moja na nusu. Daktari anataka tatu na zimebaki wiki mbili. Tutazifikisha, hata kama mchanga wote wa mtaa huu utaishia kwenye sufuria yangu.

Zimebaki kurasa chache. Katika ule wa mwisho watoto wanafika kwao na kukuta meza imejaa. Nilitaka kuuchungulia tena, nione vyakula vilivyotajwa ili nijiandae, Mama akaninyang'anya kitabu na kukificha chini ya mto. Anasema ukurasa huo haufunguliwi mpaka afike yule aliyeuliza kuhusu njaa. Atausoma mwenyewe, na safari hii haruki neno.

Kwa hiyo omba ruhusa kazini, usinipe visingizio vya mgongo.

Msalimie sana wifi, na yule bintiyo mchokozi umbusu kwa niaba yangu. Mume wangu anakusalimu kwa mikono iliyojaa masizi. Mungu akufungulie njia, akufikishe mlangoni kwetu salama.

Mama naye ana ujumbe wake, mfupi tu: uje na njaa.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye hata ukichelewa kujibu,

Kijino