Chaki Haikufika Mlango Wangu

Jirani yangu wa ukuta mmoja,

Hapa Kawangware 46 nawaambia watu kwamba mimi ndiye niliyeuingiza mtaa wetu wa Kianda ndani ya kompyuta. Haya, cheka, ni uongo. Kazi yangu ilikuwa kukushikia ncha ya futi ukipima ploti, na kufukuza kuku wasiingie kwenye picha.

Sijui ulikohamia, ndiyo maana nakuandikia mbele za watu. Nina hasira na wewe, na nina haja kwako. Lakini nianze na matamu, usije ukaichana barua.

Unakumbuka mchoro wako wa nyumba zetu? Ulitaka uwe mchezo, mtu atembee Kianda bila kukanyaga matope. Ila ulikuwa umechora hata misumari, na kompyuta ikashindwa kupumua. Ukaanza kufuta kila kisichoonekana.

"Mzee Kelele," ukaniambia, "huu ukuta wa kati nimeuchora mara mbili, wako na wangu. Kuta mbili zikilaliana hivi picha inametameta. Lazima mmoja utoke."

"Wa nani?"

"Wako, omera, ndugu yangu. Nyinyi wa Kitui si mmezoea kulala nje na mbuzi?"

Mke wangu, Mama Mwende, alicheka mpaka akamwaga chai.

Kisha ukaikunjua nyumba ya mchoro kama katoni ya sabuni iliyopasuliwa, ikalala bapa, ndipo uibandike picha za mabati yenyewe. Mlango wangu ulikumaliza kabisa! Ulishinda hapo na kamera kutwa nzima, ukiapa kwamba kutu kama ile haipatikani Nairobi yote.

Halafu matokeo ya kura yakatangazwa, na Kianda ikawaka. Watu wa kwenu wakaandika jina la kabila lenu milangoni mwao kwa chaki, ili vijana wapite bila kugusa. Mimi nikaanza kufunga virago. Ukanisemesha kupitia mabati: "Wacha hivyo vitu. Mpeleke mama kwa dada yake Kawangware. Nitaandika milango yote miwili. Nani atajua?"

Nikakuamini. Tukatoka na shuka moja na redio.

Niliporudi, mlango wako ulikuwa na herufi kubwa kama bango la mganga. Wangu ulikuwa umeng'olewa, na vitu vyetu vilikuwa majivu barabarani. Muuza makaa aliniambia alikuona: ulisimama kwangu na chaki mkononi, ukatazama huku na huku, ukaingia kwako.

Uoga naujua, mimi mwenyewe nilikimbia. Lakini si ungenipigia tu useme, "Mzee, nimeshindwa"? Ningerudi nichukue vyangu. Wewe uliyeipa kutu yangu siku nzima ulininyima neno moja. Hilo ndilo linaloniamsha, wala si sufuria.

Mama Mwende hayuko tena. Kifua kilimchukua tukiwa huku. Ile siku ya kamera alisimama mlangoni na ndoo yake, akakataa kusogea, ukampiga picha hivyo hivyo ukisema, "Nitamkata baadaye." Kwenye mchezo wako kuna mlango peke yake. Picha zetu zingine zote ziliungua.

Kwa kushika futi na kufukuza kuku hukuwahi kunipa hata asante. Sasa naidai. Tafuta ile picha kabla hujamkata, uiache kwa muuza makaa, nitaifuata mwenyewe. Huna haja ya kuingia kwangu kusema pole. Ila nakuomba, usiisafishe. Mwache na ndoo yake.

Ni mimi, aliyekuwa jirani yako,
Mzee Kelele