Ukuta wa Nyayo Kumi na Nne

2 Februari

Baba, shikamoo.

Unaendeleaje? Kifua je? Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Mimi mzima. Tangu tumzike mama sijalia hata chozi moja. Naoga, naenda kazini, narudi. Basi.

Wiki hii nafundisha watoto wangu wa chekechea kupima urefu. Rula bado, tunapima kwa miguu. Niliwaambia wapime mkeka wa darasani, kila mtu kwa nyayo zake, kisigino kiguse kidole. Weee! Huyu kapata saba, yule tisa, wakaanza kuitana waongo. Nikachora wayo wa Tone, yule mdogo kuliko wote, nikaukata kwenye kadibodi, tukakubaliana huo ndio wetu sote. Zamani ningecheka.

Baba, njoo tukae wote. Chumba cha nyuma kiko wazi. Nimekipima, ukuta wake mrefu ni nyayo kumi na nne.

Mwanao

15 Februari

Marahaba, mama.

Huku salama. Kifua kinapiga kelele tu, hakiumi. Jirani ananiletea chakula, nakula, hata chumvi siisikii. Na mimi sijalia. Watu wananiita jasiri. Jasiri gani? Nimekauka tu.

Nilikwambia tangu msibani, siji bila vitu viwili: meza yangu ya useremala, maana fundi bila meza ni mgeni wa kudumu, na kitanda nilichomtengenezea mama yako tulipooana. Nimevipima kwa nyayo. Meza tano, kitanda upana wake sita. Vikikaa ubavu kwa ubavu, hata kiti kitaingia. Basi nakuja. Nyumba nimeshampa mpangaji, anaingia mwezi ujao.

Baba yako

20 Februari

Baba, shikamoo. Natumaini kifua kimetulia.

Simama hapo hapo! Kumi na nne ni nyayo za Tone, mtoto wa miaka mitano, siyo zako. Nashinda nikiwaimbia watoto kipimo kiwe kimoja, halafu barua nakuandikia vile. Akili yangu haipo kabisa. Kadibodi nimeitia kwenye bahasha, pima upya. Naogopa haviingii vyote, na nakujua: kimoja kikibaki, na wewe utabaki. Utabaki wapi, na nyumba umeshaitoa? Njoo hivyo hivyo, baba. Sitaki kukupoteza na wewe.

Mwanao

27 Februari

Marahaba, mwanangu.

Mimi mzima. Kadibodi imefika. Fundi mzima natambaa sakafuni na mguu wa mtoto! Mama yako angecheka mpaka ashike mbavu. Ni kweli, haviingii.

Jirani akasema uza meza, umri umekwenda. Jana asubuhi nikakitandua kitanda. Upande wangu mbao zimebonyea. Upande wake zimenyooka, alikuwa mwepesi sana miezi ile ya mwisho. Tangu aondoke silali upande ule, hata mkono siupeleki. Nikachukua msumeno, nikakipasua katikati, kichwani hadi miguuni. Nusu yangu nimeitia miguu mipya. Sasa itakaa na meza bila shida.

Nusu yake ilipoanguka sakafuni nililia, mwanangu. Nililia kwa sauti mpaka jirani akaja mbio, akidhani nimejikata.

Nakuja Jumamosi. Nusu yake nayo naileta. Haitaingia, najua. Tutaona pa kuiweka.

Baba yako