Mbabula Baridi

Odette, mujukuu wangu,

Huku Likasi tuko wazima, magoti yangu tu ndiyo yanakataa. Baba yako Ilunga anakusalimia. Uliniuliza, weye unayetaka kuolewa, kama mimi nilifurahi katika ndoa.

Sirene ya usine ilipolia jioni, mabwana wakitoka kazi kiwandani, wake wote wa kambi tulikimbilia mbabula kuwasha makala, tupikie mabwana bukari. Jirani yangu mjane alibaki mlangoni, anajisuka nywele polepole. Nilimuonea wivu mpaka nikamchukia.

Siku moja sirene ikalia, nami nikakaa mlangoni kama yule mjane. Bwana yangu akakuta mbabula baridi, akashtuka, maana kwetu moto huzimwa kwa kilio cha maiti tu.

"Mama Ilunga, ni nani alikufa?"

Ningemwambiaje kwamba, kwa wivu ule, nilikuwa nimeshamzika yeye?

Weye, Odette, ujue kukaa mlangoni, upumzike, bwana akiwa bado muzima.

Ni miye, kambo wako, mama ya baba yako