Upande B wa Kanda ya Kwaya

Jumatatu, 4 Juni
Baridi. Mlima Meru hauonekani. Nimerekodi wimbo wa tano wa albamu. Kanda tupu zimeniishia, basi nimechukua moja ya kwaya ya Mama, nikaziba matundu ya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodi, nikarap upande B. Huo Mama haupigi kamwe. Nikairudisha kabatini. Mistari ni ileile: tangu kiwanda kiuzwe nikapunguzwa kazi, sitoki chumbani. Mama anasema ni uvivu na uhuni. Hatusemeshani. Tunapishana kama wapangaji.

Jumanne, 5 Juni
Mama kaniachia sahani ya machalari mlangoni. Nimekula ndizi mbili, nikalala. Nachukia kulala mchana. Nalala tu.

Alhamisi, 7 Juni
Kanda haipo! Mdogo wangu Neema kasema Mama kaenda nayo kwenye jumuiya, wasikilize kwaya baada ya sala. Mungu wangu. Mle nimesema: Mama, si uvivu, nazama na nimesimama nchi kavu. Nimeumbuka.

Ijumaa, 8 Juni
Neema alikuwepo. Upande A ulipoisha, mwenyeji wao akageuza kanda. Rap yangu ikaanza. Mmoja wa wamama akanyanyuka azime, akauliza huyu muhuni ni nani. Mama akamwambia, "Ni mwanangu. Muache amalize."
Nimelia. Heri nilikuwa nimejifungia.

Jumamosi, 9 Juni
Nimefungua mlango nitoe sahani. Kizingitini kuna jani la isale, limepigwa fundo. Sisi Wachaga, ukiletewa isale umeombwa msamaha, na hukatai. Lakini mkosaji mdogo ndiye humpelekea mkubwa. Mzazi kumpelekea mtoto, sijapata kusikia. Na hapa Kijenge hatuna isale uani. Neema anasema Mama alilifuata kwa shangazi, Tengeru, na magoti yake yale mabovu.
Nikatoka. Shikamoo, Mama. Marahaba. Akanisogezea kigoda karibu na jiko. Nilijiandaa kuhubiriwa.
"Panauma wapi?"
Nikamwambia sijui.
"Basi kaa tu."
Nikakaa. Nampenda mama yangu, na nilikuwa nimesahau.

Jumapili, 10 Juni
Mama karudi kutoka ibadani. Nimerudia kuurekodi ule wimbo, kanda ileile, mlango wazi. Yeye uani anasugua sufuria, anaimba kidogo kidogo. Sauti yake imeingia kwenye ubeti wa pili. Sifuti. Kichwa bado kizito. Isale nimeliweka juu ya redio. Mchana tumekula pamoja.