Nyonga Yangu, Nyumba Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Daktari ameitazama picha ya nyonga akatabasamu. Chuma kimekaa sawasawa! Nikamuuliza nitarudi lini nyumbani kwangu shamba. Akasema: ukiweza kwenda chooni na kurudi na fremu ya kutembelea, bila kushikwa na mtu, tutazungumza.

Mwanangu wa kiume hakulisikia hilo, au alijifanya. Ameshanitengea chumba kwake mjini. Ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Nikipanda huko sishuki tena. Ana moyo mzuri na kichwa kigumu, kakirithi kwangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimesimama! Jasho, machozi, matusi mawili matatu (Mungu anisamehe) — lakini nimesimama. Yule bwana wa mazoezi, tunamwita Bwana Tena maana hana neno jingine, akasema: tena. Nikasimama tena.

Jirani yangu wa kitanda hataki hata kukaa kitako. Mtu wa mjini, mwalimu mkuu mstaafu. Aliteleza kwenye marumaru za bafuni kwa mwanawe, nimempa jina Bi Marumaru. Mimi nilianguka nikimkimbiza jogoo. Kusikia hivyo akacheka mpaka akashika nyonga. Shamba tunaangushwa na kuku, mjini wanaangushwa na sabuni, wote tunakutana wodi moja!

Alhamisi, 6 Machi
Nina hasira. Binti yangu ananipenda mpaka ananilemaza. Leo nilikuwa nusu ya njia, nikayumba kidogo tu — akanidaka, akanirudisha kitandani kama kichanga. Fremu akaisukuma mbali, eti mama apumzike. Wana wa Bi Marumaru ndio kabisa, wanamlisha kwa kijiko na mikono yake ni mizima! Ataamkaje?

Nikamwambia binti: mwanangu, ukitaka kunisaidia, kalia mikono yako. Akanuna. Kisha akaikalia kweli.

Ijumaa, 7 Machi
NIMEFIKA! Chooni na kurudi, hakuna aliyenigusa! Binti alinifuata nyuma akijiuma midomo. Wodi nzima makofi, nesi akapiga kigelegele. Hata harusini kwangu sikushangiliwa hivi. Nimefurahi mpaka nimelia.

Bi Marumaru alinitazama nikienda na kurudi. Jioni akamwomba nesi amkalishe.

Jumapili, 9 Machi
Mwanangu kaja. Nikatembea mpaka mlangoni kumpokea! Mtu mzima akalia. Nikajua nimeshinda. Akapangusa macho, akasema: basi ngazi utazipanda vizuri, mama.

Lo!

Nikamkumbusha maneno ya daktari. Akasema sawa, kutembea natembea, lakini shamba siwezi kukaa peke yangu, binti ana kazi na watoto wake. Jibu likatoka kitanda cha pili: kwani nani kasema atakuwa peke yake? Bi Marumaru huyo! Akanigeukia, akauliza sakafu ya bafu langu ni ya nini. Saruji, nikamwambia, tena ya kukwaruza nyayo. Akasema: nimehamia.

Mwanangu akasema: basi na yeye atembee kwanza.

Alhamisi, 13 Machi
Bi Marumaru kafanya mazoezi mpaka Bwana Tena anamwambia inatosha. Leo ndiyo leo. Daktari amempa sharti lile lile, choo na kurudi. Akiweza, tunaondoka pamoja kwenda kwangu. Asipoweza, mimi ghorofani, yeye kwenye vigae vyake. Nimeshavaa viatu. Naandika huku namtazama.

Wana wetu wamesimama mlangoni wananong'ona. Vikongwe wawili, nyonga mbili mbovu, nyumba moja — hivi haya ni mambo? Nasikia kila neno, kilichovunjika ni nyonga, si masikio.

Bi Marumaru kashika fremu. Mwanawe karuka: mama subiri, nije nikushike! Akageuziwa jicho moja tu, na sauti iliyozoea kunyamazisha shule nzima: kaa chini!

Kakaa. Wangu naye kakaa, wala hakuambiwa.

Bi Marumaru kasimama. Mguu wa kulia huo umetoka —